Siku Saba na Chuma cha Kijani

Wenzangu wa rika langu wakikaa na wajukuu huulizwa dawa ya kikohozi, au pilau ya watu hamsini inataka bizari kiasi gani. Mimi naulizwa bastola. Kila ukoo wetu ukikutana Al Khoudh, sinia zikishaondolewa na watu wakianza kuegemea mito, lazima atajitokeza kijana mmoja na kusogea karibu yangu kwa adabu ambayo siku nyingine hana. "Bibi Rayya," ataniambia, "mtu anayeanza, hajapata kushika silaha maishani mwake, anunue ipi ya kujilinda?" Anataka nimtajie jina moja tu, kama anayeuliza simu nzuri ni ipi.

Nimechoka kulijibu swali hilo mtu mmoja mmoja. Hamsikilizi, na kila mmoja wenu anaamini kuwa mwenzake ndiye aliyeambiwa siri. Kwa hiyo naandika. Someni wote kwa pamoja, mkimaliza mniache ninywe chai yangu.

Nilifanya kazi katika duka la silaha, Ruwi, tangu nilipokuwa msichana niliyetoka Unguja kuja nchi hii ya Waarabu na cheti cha kupiga taipu, hadi mwaka jana magoti yaliponishinda. Niliajiriwa kuandika barua na kupanga mafaili ya ruhusa. Wateja wakiingia walidhani mimi ni wa chai. Wakiniagiza chai nilikuwa nawaletea, halafu nakaa upande wa pili wa meza na kuwauliza wanataka silaha ya nini. Wapo waliomaliza kikombe kizima wakingoja mwanamume atokee.

Na msidhani tulikuwa tukiuza bastola kama njugu. Nchi hii haina mchezo na mambo hayo. Bila karatasi ya ruhusa kutoka kwa wenyewe wanaohusika, hata ungelia machozi ya damu usingetoka pale na kitu. Kazi yetu kubwa ilikuwa bunduki za kuwindia za watu wa milimani, na zile bunduki kongwe za mababu ambazo hutolewa kabatini siku za harusi ili wanaume wacheze nazo razha, ile ngoma ya vita, na kujiona mashujaa mpaka saa ya chakula. Wa bastola walikuja mmoja mmoja, mara chache, wameshika karatasi zao kwa mikono miwili. Karibu wote walikuwa hawajapata kugusa silaha. Hao ndio waliokuwa wangu.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Murad, Mbulushi aliyezaliwa Mombasa, mfupi, mwenye masikio makubwa, na mwenye sauti ya mtu anayegombana hata akikutakia heri. Yeye ndiye aliyekuwa akitengeneza silaha zilizoharibika, na ndiye aliyekuwa na neno la mwisho dukani, ingawa duka halikuwa lake. Aliamini kuwa kila binadamu ni mjinga mpaka athibitishe vingine, na mimi alinihesabu miongoni mwa wajinga kwa muda mrefu sana. Alikuwa na sababu.

Wakati ule nilikuwa nadhani kuuza ni kumfurahisha mtu. Akaja bwana mmoja mwenye vikono kama vya mtoto wa darasa la tatu. Akaipenda bastola kubwa nyeusi iliyokuwa juu kabisa ya kabati. Akajitazama nayo kwenye kioo cha mlango, akageuka ubavu, akavuta tumbo ndani. Nami nikamwambia, "Inakupendeza." Inakupendeza! Kama vile namuuzia kanzu ya Iddi. Wiki haikuisha, akarudi na nundu katikati ya paji la uso. Alikuwa amekwenda uwanja wa shabaha, akaikamata kwa vidole vya mbele tu kwa sababu mkono haukuenea, na ile bastola ilipolia ikamrudia usoni. Fundi Murad alimtazama, akanitazama mimi, kisha akaniuliza mbele yake, "Wewe umemuuzia bastola ama umemuuzia kioo?" Niliona aibu mpaka nikajificha nyuma ya mafaili yangu, na yule bwana akaomba barafu.

Kuanzia siku ile nilianza na mkono wa mtu. Basi shikeni haya, ndiyo mnayoyataka. Mpini uingie vizuri kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na vidole vingine vitatu vipate mahali pa kukaa. Kidole cha shahada kifike kwenye triga bila kujinyoosha kama kinachotafuta kitu chini ya kabati. Usidanganyike na wepesi. Bastola nyepesi ni tamu kubeba na chungu kupiga, kwa sababu teke lote linakuja mkononi mwako. Zile ndogo ndogo ambazo waume huwanunulia wake zao, wakisema ni za kike, ndizo ngumu kuliko zote. Fupi, kali, na hazilengi pale unapotaka. Anayeanza achukue ya ukubwa wa kati, yenye uzito wa kutosha na vitufe vichache. Akishikwa na hofu, mtu hukumbuka jambo moja au mawili, si manane. Wapo wanaopenda ile ya gurudumu, inayobeba risasi tumboni, kwa kuwa ni rahisi kuielewa. Siwalaumu, ila triga yake ni nzito, na mwenye kidole dhaifu atahangaika nayo. Kabla ya kununua yoyote, ombeni mpige nayo uwanjani chini ya mwalimu, tena si mara moja.

Na msiniulize habari ya rangi.

Mengine mnayajua, lakini nitayasema kwa sababu mnayajua vibaya. Kila silaha ina risasi, hata ile uliyoitoa risasi sasa hivi mbele ya mama yako. Mtutu usimwelekee mtu wala mnyama wala televisheni. Kidole kikae nje ya triga mpaka umeshaamua, na kabla hujaamua uulize nani yuko mbele yako, na nani yuko nyuma ya huyo. Kuta za nyumba za siku hizi ni nyembamba. Nyumbani iwe ndani ya kasha la chuma lenye kufuli, na ufunguo usiwe kwenye kile kibakuli cha funguo ambacho nyumba nzima inakijua.

Haya yote muuzaji yeyote mwenye akili atawaambia. Kile ambacho duka letu peke yake lilikuwa nacho ni chuma cha kijani.

Alikitengeneza Fundi Murad kutokana na kipande cha pampu ya maji. Kilikuwa na mpini na triga, na uzito wake ulikuwa sawasawa na bastola iliyojaa risasi, lakini mbele kilikuwa butu, hakina tundu. Ndani yake alitia kengele ya baiskeli. Ukivuta triga, kinalia kriiing. Kisha akakipaka rangi ya kijani, ile ya milango ya msikiti, ili asiwepo askari wala mlevi wa kukifananisha na silaha. Kilikuwa na sura ya bomba lililovunjika likafarijiwa kwa rangi.

Sharti letu lilikuwa hili. Anayenunua silaha kwa mara ya kwanza hapewi kitu siku ya kwanza. Anapewa chuma cha kijani, akae nacho siku saba. Popote aendapo aende nacho, au kiwe kimefungiwa. Mtu mwingine asikiguse. Asikiache juu ya meza, asikisahau garini. Siku ya nane anarudi na kutueleza, ndipo tuzungumze habari ya kuuziana. Mwenye duka alikuwa akilalamika kuwa tunamfukuzia wateja. Fundi Murad akamjibu, "Wakirudi watanunua. Wasiporudi tumepona." Nilipostaafu, wenzangu wakitegemea kupewa saa za ukutani, mimi nilipewa chuma kile. Kipo chumbani kwangu, nyuma ya rundo la kanga.

Hamwezi kujua siku saba ni ndefu namna gani mpaka mzipitishe na chuma. Kwanza ni suala la kanzu. Hii dishdasha yetu haina mkanda. Ina mfuko wa ubavuni mrefu, na ukitia chuma humo, kanzu nzima inavutwa upande mmoja, unatembea kama mtu aliyebeba ndoo. Mteja mmoja alikwenda nacho msikitini hivyo hivyo. Katika rukuu kikabembea kikampiga jirani yake wa kushoto. Katika sijda akakilalia, kikalia. Imamu alipotoa salamu aliuliza kwa upole nani ameingia na baiskeli.

Mwingine akajiona mjanja. Akavaa mkanda wa jambia juu ya kanzu yake ya kila siku, akachomeka chuma ndani ya mkanda, juu akajifunika kwa shali, akaenda kununua mkate. Nyinyi mnajua wanaume wetu huvaa mkanda ule siku gani. Muuza mkate akampa pongezi. Waliokuwa kwenye foleni wakampa pongezi. Akarudi nyumbani na mikate mitatu na dua za kheri na kizazi chema, na kufika mlangoni mkewe alikuwa ameshapigiwa simu mbili kuwa mumewe anaoa. Chuma alikirudisha kwetu siku hiyo hiyo, alasiri, bila maelezo. Maelezo alikuja kutupa shemeji yake.

Na wa tatu, huyu nilimpenda, alikifungia kwenye kabati la jikoni kwa kuwa ndilo lililokuwa na kufuli. Mama yake alikuwa na ufunguo wa kabati hilo tangu alfajiri ya nyumba. Siku ya nne akamkuta bi mkubwa anakitumia kutwangia iliki. Hakumkemea, nani atamkemea mama? Alimuuliza tu anakionaje. Mama akasema ni kizuri, kina uzito wa haki, ila kinapiga kelele ukikishika vibaya.

Wengi wa watu hao walirudisha chuma, wakanywa kahawa, wakatikisa kikombe kuonyesha wametosheka, wakaenda zao na karatasi zao. Wachache walinunua, na hao wachache niliwauzia kwa moyo mweupe. Sikuwa adui wa bastola. Ningekuwaje adui wa kilichonijengea nyumba? Nilitaka tu mtu ajue kuwa hanunui kitu cha kutumia siku moja ya hatari. Ananunua kitu cha kulala nacho, kuswali nacho na kumficha mama yake kila siku nyingine zote.

Sasa nije kwa Maalim Harith. Fundi Murad alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, na chuma kilikuwa chini ya amri yangu peke yangu.

Maalim Harith alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, mtu wa Unguja kama sisi, mrefu, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inaweza kusimama wima bila yeye. Alikuwa akiishi peke yake katika nyumba kubwa Al Khoudh. Watoto wake walikuwa nchi za mbali, na mkewe, Bi Thuwaiba, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Akaja na karatasi ya ruhusa, halali, ina mihuri yote. Nikamkaribisha, nikamtilia kahawa, nikamuuliza swali langu la siku zote.

"Nna mwizi, Bi Rayya," akasema.

"Pole, Maalim. Kachukua nini?"

"Hajachukua kitu."

"Kavunja mlango?"

"Hajavunja. Anafagia."

Nikaweka buli chini. "Anafagia nini?"

"Uwa wangu! Nnatoka kwenda kusali adhuhuri, majani yamejaa. Nnarudi, hapana hata jani moja. Viatu vyangu vya bafuni nnaviacha vimelala ovyo, nnavikuta vimepangwa, vinatazama nje. Nikamwaga unga mlangoni nipate alama za nyayo zake."

"Ukazipata?"

"Akaufagia."

Nilijiuma ulimi. "Na kamera, Maalim? Siku hizi kila nyumba ina kamera."

"Nimetia langoni. Hapiti langoni." Akatoa mfukoni karatasi ya vijimraba, ameikunja mara nne, akaitandaza mbele yangu. Alikuwa amechora mstari mmoja wa siku na mwingine wa kiasi cha majani. "Tazama. Jumamosi na Jumanne. Kila wiki, hakosi. Huyu si mtu wa kubahatisha."

"Maalim, wallahi, mwizi wa namna hii watu wangemuwekea tangazo aje na kwao."

Hakucheka. "Leo anafagia," akasema. "Anaizoea nyumba. Kesho je?"

Nilitaka kumtania tena, lakini akaanza kuikunja ile karatasi yake, mikunjo ile ile minne. Akaniambia, bila kunitazama, kuwa tangu Thuwaiba aondoke hajapata usingizi wa maana. Analala ameketi, taa zote zimewaka. Akisikia hatua nje, moyo unataka kumtoka. Nilimwonea huruma sana, na nilimwogopa vilevile. Karatasi yake ilikuwa sahihi. Siku ya nane akirudi na kusema anataka, sikuwa na sababu ya kumnyima. Na huko Al Khoudh alikuwepo mtu, simjui wala yeye hamjui, ambaye kila Jumamosi na Jumanne aliingia katika ule uwa na kuinamisha mgongo.

Nikampa chuma cha kijani. Nikamfundisha kukishika kwa mikono miwili, kusimama vizuri, kuweka kidole nje. Nikamwambia, "Na kabla ya kuvuta, Maalim, uliza nani wewe. Hata ukiwa unakufa kwa hofu, uliza." Akalirudia neno kwa neno, kama alivyokuwa akiwarudisha wanafunzi wake.

Alinipigia simu kila siku kunipa ripoti, ingawa sikumwomba. Siku ya kwanza alikuwa amelala nacho chini ya mto na shingo ikakataa kugeuka. Siku ya pili alikwenda nacho hospitali kwa ajili ya shingo, na kile chuma kikamzuia kwenye mlango wa ukaguzi, akawaeleza kuwa ni zana ya masomo. Siku ya tatu alifanya mazoezi barazani, mara ishirini kriiing, na watoto wa jirani wakajikusanya langoni na vikombe wakidhani ni muuza aiskrimu. Ilimbidi atoke akawanunulie kweli dukani, kwa sababu mdogo wao alikuwa analia. Siku ya nne, Jumamosi, aliitwa kwenye maziko kijijini Yiti akachelewa kurudi, akakuta uwa umefagiwa na shuka zake zilizokuwa kwenye kamba zimekunjwa ncha kwa ncha. Alisema neno ncha kwa uchungu mkubwa. Siku ya tano na ya sita aliripoti tu kuwa anaingoja Jumanne.

Siku ya saba, Jumanne, hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, alasiri, kwa gari yake kutoka Al Khoudh mpaka Ruwi, na siku ya kurudisha ilikuwa bado. Aliingia bila kilemba. Sikuwahi kumwona kichwa wazi. Akaweka juu ya meza kitu kilichofungwa ndani ya taulo, akakaa, na nilipomtilia kahawa akaisukuma.

"Nilitoka kama nnakwenda kusali," akaanza. "Nikarudi kwa nyuma, nikakaa barazani, nyuma ya tangi la maji. Nikasikia ufunguo katika mlango wa uwani, ule wa upande wa jikoni. Ufunguo, Bi Rayya! Mwizi ana ufunguo wa nyumba yangu. Hapo ndipo akili iliponitoka. Nikaona mgongo wa mtu, kainama, ana kitu mkononi. Nikainua kwa mikono miwili, kama ulivyonifundisha. Nikavuta."

"Kikalia?"

"Kikalia."

"Uliuliza kwanza nani?"

"Sikuuliza."

"Halafu?"

"Akageuka," akasema, "akanambia, 'Abee!'"

Hivyo ndivyo wanawake wa bara wanavyoitika wakiitwa. Alikuwa ni mwanamke wa Kitanzania, mtu mzima, kajifunga kanga kiunoni, mkononi ana ufagio. Alidhani baba mwenye nyumba amempigia kengele ya kumwita. Akaja mbio, akainama kwa heshima mbele ya ule mtutu wa kijani. "Shikamoo baba. Samahani, nilijua umeenda kuswali. Ulikuwa unaniita?"

"Ukamwambiaje?" nikamuuliza.

"Nikamwambia aniletee maji."

"Akakuletea?"

"Akaniletea. Kaweka na kisahani chini ya gilasi. Nikayanywa."

Mambo mengine alimweleza mwanamke mwenyewe, huku yeye ameshika gilasi. Alikuwa mfanyakazi wa nyumba ya tatu kutoka pale. Bi Thuwaiba alikuwa akimwita jikoni wakizungumza Kiswahili, na alipougua sana alimpa ufunguo, akamwomba asiuache uwa uchafuke na asiziache asumini zife. Akamwambia apite mzee akiwa msikitini, kwa sababu mzee hapendi kusumbuliwa. Jumamosi na Jumanne, adhuhuri, ndizo nafasi alizokuwa akipata kwa tajiri wake. Bi Thuwaiba akafa, na yule mwanamke akaendelea, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache.

Nilicheka. Nisameheni, lakini nilicheka mpaka nikashika ukingo wa meza, kwa yale maji na kisahani. Kisha nikaona hacheki nami, na kicheko kikanikauka.

"Bi Rayya," akasema, "mtu anayeanza hukosa. Si ndivyo? Wanaoanza wote hukosa."

"Wengi hukosa, Maalim."

"Basi ingekuwa ya kweli ningemkosa."

Alikuwa akiniomba. Mwalimu wa hesabu, mtu mzima yule, alikuwa ananiomba nimwambie ndiyo, na ilikuwa rahisi sana kumwambia ndiyo akaenda zake akalala. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile maisha yangu yote, na kuhusu umbali na risasi sikuwahi kumdanganya mteja.

"Kutoka kwenye tangi mpaka kwake ilikuwa hatua ngapi?" nikamuuliza.

Akafumba macho. Niliona midomo inahesabu. "Nne," akasema.

"Kwa hatua nne, Maalim, hata anayeanza hakosi."

Akalia pale pale, mbele ya wateja wawili wa bunduki za ndege, bila kujificha. Nilimpa karatasi za kufutia uso, moja baada ya nyingine, na wale wateja wakajifanya wanasoma bei. Alipotulia akatoa ile karatasi ya ruhusa mfukoni, akaniuliza inarudishwa wapi. Nikamwandikia ofisi na saa za kufungua.

Akasimama. Alipofika mlangoni akageuka, mkono uko kwenye kitasa.

"Bi Rayya. Yule mtu anaingia nyumbani kwangu tangu Thuwaiba yuhai. Kwenye maziko yake yeye ndiye aliyewatilia watu kahawa, sasa nnamkumbuka. Nilichukua kikombe mkononi mwake. Jina lake nani?"

"Mie nitalijuaje, Maalim? Umemwacha wapi?"

"Nimemwacha uwani, anamwagia asumini."

"Basi rudi ukamuulize," nikamwambia, "angali hai."